Kodi ya Majengo: Haki Imo Katika Daftari



Kodi ya majengo iko karibu na mwananchi kuliko kodi nyingine yoyote, kwa maana hutozwa kwa ajili ya paa analolala chini yake. Hata hivyo, ni wachache wawezao kueleza jinsi inavyokadiriwa. Mwalimu anunuapo umeme wa LUKU huona sehemu ya fedha zake imekatwa. Karani wa wilaya huulizwa na jirani yake kwa nini nyumba ya vyumba viwili na jumba lenye bustani na ukuta mrefu vinatozwa sawasawa. Wote wawili hujibu kwamba ndivyo serikali ilivyopanga. Jibu hilo halitoshi kwa watu ambao umma umewasomesha ili nao wauelimishe umma.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza hesabu ambayo kwayo halmashauri hukadiria kodi ya majengo, na kuonyesha jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa: kwamba haki ya kodi hii haimo katika ukubwa au udogo wa kiwango, bali imo katika daftari ambalo kiwango hicho hutumika juu yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kodi nayo bila daftari huonea bila habari.

HESABU YENYEWE

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kodi ya majengo, kwa asili yake, si sawa na kodi ya mapato. Kodi ya mapato huanza kwa kuuliza mtu amepata nini. Kodi ya majengo huanza kwa kuuliza mji unahitaji nini. Halmashauri huandaa makadirio ya matumizi ya mwaka: uzoaji wa taka, mifereji, barabara za mitaa, taa, zahanati, madarasa na madawati. Kisha huondoa ruzuku ya Serikali Kuu, ada za masoko, leseni na ushuru mwingine. Pengo linalobaki ndilo linalogawanywa miongoni mwa wenye majengo, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya jengo lake.

Uchukuliwe mfano wa mji wa kufikirika. Pengo la makadirio yake ni shilingi 60,000,000. Thamani ya majengo yote yaliyoandikwa katika daftari lake ni shilingi 30,000,000,000. Ukigawa kiasi cha kwanza kwa cha pili, jibu ni asilimia 0.2. Hicho ndicho kiwango. Mwenye nyumba yenye thamani ya shilingi 8,000,000 atalipa shilingi 16,000 kwa mwaka. Mwenye jumba la shilingi 200,000,000 atalipa shilingi 400,000. Hakuna aliyeonewa hapo, kwa sababu kila mmoja ametoa sehemu ileile ya thamani ya mali ambayo mji huo unaitunza kwa barabara zake, mifereji yake na ulinzi wake.

Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuifanya hesabu hiyo. Ugumu wake haumo katika kugawanya, bali umo katika ile namba ya pili, yaani jumla ya thamani. Nani aliyeipata? Aliipata lini? Na ni majengo mangapi yaliyoachwa nje?

DAFTARI LA UTHAMINI

Katika Tanzania, utaratibu wa kutoza kodi hii kwa thamani uliwekwa na Sheria ya Kodi ya Majengo ya Mamlaka za Miji, Namba 2 ya mwaka 1983. Sheria hiyo ililenga jengo, si kiwanja. Sababu yake inatokana na historia ya nchi: ardhi ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na umilikaji wa ardhi wa kudumu uliorithiwa kutoka kwa wakoloni ulifutwa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mwenye kiwanja hulipa kodi ya pango la ardhi, ambayo ni jambo jingine na huenda kwenye mfuko mwingine. Watu wengi huzichanganya kodi hizi mbili, na si ajabu kumsikia mtumishi akimwambia mwananchi kwamba ameshalipa, kumbe stakabadhi aliyoishika ni ya pango la ardhi.

Kwa mujibu wa Sheria hiyo ya 1983, mthamini alitakiwa kutafuta bei ya soko ya jengo. Iwapo bei hiyo haikuweza kujulikana, alitakiwa kukadiria gharama ya kulijenga jengo hilo upya, kisha kupunguza sehemu kwa ajili ya uchakavu. Katika miji ambako nyumba nyingi hazijauzwa hata mara moja tangu zijengwe, njia hii ya pili ndiyo iliyotumika zaidi.

Mfano wake ni huu. Nyumba ina eneo la mita za mraba 80. Tuseme gharama ya ujenzi wa nyumba ya namna hiyo ni shilingi 400,000 kwa mita moja ya mraba. Gharama ya kuijenga upya itakuwa shilingi 32,000,000. Ikiwa uchakavu wake umekadiriwa kuwa asilimia 10, thamani inayobaki ni shilingi 28,800,000. Kwa kiwango cha asilimia 0.2, kodi ya mwaka itakuwa shilingi 57,600. Mwenye nyumba anayeifahamu hesabu hii anaweza kuihakiki mwenyewe kwa utepe wa kupimia na kipande cha karatasi. Akikuta vipimo vimekosewa, au nyumba yake ya zamani imehesabiwa kuwa mpya, ana hoja ya kupeleka mbele. Sheria iliweka nafasi ya kutoa pingamizi, na baraza maalumu la kusikiliza madai ya uthamini.

Halikadhalika, Sheria ilitaka daftari litengenezwe upya kila baada ya miaka 5, ila kama kipindi kirefu zaidi kimeruhusiwa. Maana yake ni kwamba waliotunga sheria walifahamu kuwa mji haukai mahali pamoja. Nyumba huongezwa vyumba, vibanda hugeuka maduka, mashamba ya pembezoni hugeuka mitaa. Daftari la mwaka mmoja haliwezi kuusema ukweli wa mwaka mwingine.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wathamini walikuwa wachache na gharama za uthamini zilikuwa kubwa. Miji ilikua kwa kasi kuliko kalamu za makarani. Halmashauri nyingi zikawa na daftari la sehemu ndogo tu ya majengo, na zilizobaki nje ya daftari zikatozwa kiwango kimoja cha kukisia, au hazikutozwa kabisa.

Athari ya upungufu huu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kasoro huzidishana. Tuseme katika mji fulani daftari lina nusu tu ya majengo. Tuseme majengo hayo yameandikwa kwa nusu ya thamani yake ya kweli. Tena tuseme wanaodaiwa hulipa nusu ya madai. Nusu ya nusu ya nusu ni sehemu moja ya nane. Katika kila shilingi 8 zilizostahili kulipwa, halmashauri hupata shilingi 1. Diwani akisimama katika kikao na kudai kiwango kipandishwe maradufu, shilingi 1 itakuwa 2, lakini zitatoka kwa watu walewale waliokwisha kuandikwa na waliokwisha kuzoea kulipa. Aliye nje ya daftari hataguswa. Kwa hiyo kupandisha kiwango juu ya daftari bovu ni kumwadhibu mtiifu kwa kosa la mwingine.

USHURU MWINGINE

Kodi ya majengo si pekee. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9 ya mwaka 1982, iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa namna nyingi, na kila mmoja una namba yake ya msingi. Ushuru wa huduma hukadiriwa kutokana na mauzo ya biashara. Kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Ushuru wa mazao hukadiriwa kutokana na bei ya mazao yanaponunuliwa. Mwaka 2017 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

Tofauti kubwa ni kwamba ushuru huo hutegemea kitu kinachosogea. Gunia la mahindi hupita kizuizini mara moja, nalo huweza kupita usiku. Nyumba haisogei, haifichiki, wala haivuki mpaka wa wilaya. Ndiyo maana wataalamu wa fedha za serikali za mitaa duniani kote huitaja kodi ya majengo kuwa nguzo iliyo imara kwa halmashauri ya mji. Halmashauri ikiwa na daftari zuri la majengo, haitakuwa na haja ya kumwandama mama muuza mchicha.

NJIA ILIYOPITIWA

Historia ya kodi za mitaa nchini si ya mstari ulionyooka. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, bila kujali aliyemo ana nini. Kodi hiyo haikuwa na lengo la kutengeneza mtaa wa mlipaji. Lengo lake mojawapo lilikuwa kumlazimisha atafute fedha kwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi au kwa kulima mazao yaliyotakiwa. Waingereza nao waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Chuki iliyobaki vifuani mwa wazee kwa neno kodi ilianzia huko.

Baada ya Uhuru, kodi ya kichwa na ushuru wa mazao vilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya, kisha za miji, zikavunjwa. Huduma za miji zilizorota, taka zilirundikana na kipindupindu kikapiga hodi. Mwaka 1978 sheria ya kurudisha halmashauri za miji ilipitishwa. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya nchini kote. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo na ushuru mwingi mdogomdogo uliokuwa kero vilifutwa, na halmashauri zikabaki zikiegemea zaidi ruzuku.

Kodi ya majengo nayo ilihamishwa mara kadhaa. Mwaka 2008 ukusanyaji wake katika Dar es Salaam ulikabidhiwa Mamlaka ya Mapato, mwaka 2014 ukarudishwa kwa halmashauri, na mwaka 2016 ukapelekwa tena kwa Mamlaka ya Mapato. Kila ulipohama, madaftari yalihama nayo, na kila kuhama kulikuwa na hasara yake.

KIWANGO KIMOJA KWA WOTE

Kufikia mwaka 2018, viwango sawa viliwekwa kwa nchi nzima: shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida na shilingi 50,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mijini. Mwaka 2021 Sheria ya Fedha iliagiza kodi hiyo ikatwe katika ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa sakafu. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipandishwa na kuwa shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na shilingi 90,000 kwa sakafu.

Haki yataka uzuri wa utaratibu huu usemwe. Gharama ya kukusanya ilipungua. Mwananchi hakupoteza tena siku nzima katika foleni ya kulipa. Mkusanyaji asiye mwaminifu alinyang'anywa nafasi ya kushika fedha mkononi. Wengi ambao hawakuwahi kuandikwa katika daftari lolote waliingia katika orodha ya walipaji. Haya si mambo madogo.

Lakini kuna gharama iliyolipwa kwa urahisi huo, na gharama hiyo ni thamani yenyewe. Rudi kwenye ule mfano wa nyumba ya shilingi 8,000,000 na jumba la shilingi 200,000,000, na majengo yote mawili yawe hayana ghorofa. Kila moja likitozwa shilingi 18,000, mwenye nyumba ndogo anatoa asilimia 0.225 ya thamani ya mali yake. Mwenye jumba anatoa asilimia 0.009. Mzigo wa mnyonge ni mara 25 ya mzigo wa mwenye nacho. Kwa karatasi wote wamelipa sawa. Kwa mizani hawako sawa hata kidogo. Usawa wa namna hii ndio uliokuwamo katika zile rupia 3 za mwaka 1898: nyumba ni nyumba, na mkadiriaji hana haja ya kuchungulia ndani.

Aidha, lipo suala la mpangaji. Wajibu wa kulipa kodi hii ni wa mwenye nyumba. Ndivyo sheria isemavyo. Lakini anayeingiza namba za LUKU katika mita mara nyingi ni mpangaji. Fedha hukatwa kwake kwanza, na kurudishiwa kwake hutegemea mapatano yake na mwenye nyumba. Mwalimu kijana aliyepangishwa chumba katika mji mgeni hana sauti kubwa mbele ya mwenye nyumba wake. Kwa upande mwingine, jengo lisilo na mita halifikiwi kwa njia hii. Mita ya umeme ni chombo kizuri cha kupokea fedha, lakini haijui jengo ni la nani wala lina thamani gani.

FUNZO LA JIRANI

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kuwa na thamani katika sheria kunatosha. Jirani zetu wa Nairobi hutoza kodi hii kwa thamani ya kiwanja pasipo kuhesabu jengo, kinyume na njia ya Tanzania, kwa kuwa huko ardhi humilikiwa na watu binafsi. Daftari lao la mwaka 1980 liliendelea kutumika kwa muda wa karibu miaka 40. Bei za viwanja zilipanda mara nyingi, lakini daftari halikusogea. Ili mji upate fedha, kiwango kilipandishwa hadi kufikia makumi ya asilimia ya ile thamani ya zamani. Daftari jipya lilipoandaliwa mwaka 2019, kiwango kilichofuata kilikuwa asilimia 0.115 tu. Asiyejua hesabu angedhani kodi imefutwa. Kumbe kilichobadilika kwanza ni thamani iliyoandikwa. Hilo ni thibitisho tosha kwamba kiwango peke yake hakimwambii mtu chochote mpaka aulize: asilimia ya nini, na ya mwaka gani?

Zaidi ya hayo, katika miaka hiyo 40 mitaa haikupanda bei sawasawa. Kiwanja kilichokuwa porini mwaka 1980 na baadaye kikawa kando ya barabara kuu kiliendelea kulipa kama kiwanja cha porini. Daftari likizeeka huwapa wengine zawadi ambayo hakuna baraza lililoipitisha.

YANAYOWEZEKANA

Basi kifanyike nini? Si lazima kila nyumba ipelekewe mthamini mwenye shahada. Njia ya katikati ipo, nayo inatumika katika nchi nyingi. Majengo hupangwa katika madaraja machache kwa vitu vinavyoonekana kwa macho: eneo la sakafu, aina ya ukuta na paa, matumizi ya makazi au biashara, na ukanda wa mji lilipo jengo. Kila daraja hupewa thamani yake kwa mita ya mraba, na thamani hizo hutangazwa hadharani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, akifundishwa vizuri, anaweza kupima na kuandika. Mthamini abaki na kazi ya kuweka thamani za madaraja, kuhakiki na kushughulikia majengo makubwa. Picha za kutoka angani na vifaa vya kupimia vya siku hizi huifanya kazi hii kuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mwaka 1983. Ukusanyaji kwa njia ya umeme waweza kuendelea pale unapofaa, ila kiasi kinachokatwa kitokane na daftari.

Misamaha nayo iheshimiwe. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, anayeishi katika nyumba yake moja, sheria imemfikiria. Lakini mara nyingi msamaha hubaki karatasini kwa sababu mzee hajui aende ofisi gani. Mtumishi anayemwambia mzee huyo arudi kesho, ilhali fomu iko mezani, ameifuta sheria kwa ulimi wake.

Wajibu wa watumishi ni kuweka makadirio, orodha na thamani mahali ambapo mwananchi anaweza kuvisoma, na kumjibu kwa hesabu, si kwa amri. Wajibu wa walimu ni kuiingiza hesabu hii darasani. Mafungu, asilimia na eneo la mstatili hufundishwa kila mwaka kwa mifano ya machungwa na mashamba ya kubuni. Mwalimu akimwambia mtoto apime nyumba yao, akadirie gharama yake na kuikokotoa kodi yake, atakuwa amefundisha hisabati na uraia kwa chaki moja.

Mwananchi anayefahamu jinsi kodi yake ilivyopatikana atauliza swali la pili kwa ujasiri: imetumikaje? Halmashauri isiogope swali hilo. Mji ambao watu wake wanauliza hesabu ni mji ambao watu wake wamekubali kuwa ni wao. Kazi ya kwanza ni kufungua daftari, kuandika kila jengo kwa thamani yake, na kuliacha wazi lisomwe.